Tuufuate Moshi Mpaka Motoni

Mtu aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, na siku mbili tatu bila maji. Lakini bila hewa hawezi kukaa hata dakika chache. Tena chakula na maji huchaguliwa. Maji yakiwa machafu twayachemsha, na chakula kikichacha twakitupa. Hewa haina chaguo. Mtu mzima huvuta lita zaidi ya 10,000 kwa siku moja, akiwa macho au amelala, naye huvuta ile ile iliyopo mahali alipo. Akisimama kituoni kungoja basi, huvuta ya kituoni. Akikaa jikoni, huvuta ya jikoni. Ndiyo maana nimeona yafaa niandike katika gazeti letu habari za hewa ya mjini: huchafuliwa na nini, wapi imepata kusafishwa, na sisi tulio hapa Dar es Salaam twaweza kufanya nini.

Wazee walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Katika habari hii methali hiyo yafaa ishikwe kama ilivyo, bila fumbo. Moshi ukishatoka na kuenea juu ya mji, hakuna chombo cha kuuzoa. Upepo ukija huupeleka kwa jirani. Mvua ikinyesha huuosha kwa siku moja, na kesho yake upo tena. Miji iliyofaulu kusafisha hewa yake ilipita njia moja: iliufuata moshi mpaka kwenye moto uliouzaa, ikaushughulikia moto huo. Basi nasi na tuifuate njia hiyo.

Kwanza tujue moshi umebeba nini. Kuni, mkaa, petroli na dizeli vyote vina kaboni. Vikiungua vizuri, penye hewa ya kutosha, kaboni hiyo hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi. Visipoungua vizuri hutoa masizi, na hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Watu wanaolala chumbani na jiko la mkaa huku wamefunga madirisha, wengine wakafa usingizini, huuawa na gesi hiyo. Injini za magari nazo zina jambo jingine. Joto lake ni kali hata naitrojeni na oksijeni za hewani huungana, zikafanya oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha njia ya pumzi. Na mafuta yakiwa na salfa nyingi, hutoka gesi ya salfa dayoksaidi, ambayo nayo huchoma kifua.

Zaidi ya gesi hizo zipo chembechembe. Walio hatari zaidi si wale tunaowaona kama masizi makubwa yanayodondoka juu ya nguo zilizoanikwa. Ni chembe ndogo mno, zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa maikromita kama 70, kwa hiyo chembe hizo zaweza kupangwa karibu thelathini kwa upana wa unywele mmoja. Vinyweleo vya puani haviwezi kuzizuia. Huingia mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya hata katika damu, zikadhuru moyo na ubongo. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, huua watu kama milioni 7 duniani kila mwaka kabla ya wakati wao. Mwaka 2021 lilitoa kipimo kipya: chembe hizo ndogo zisizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Kipimo cha zamani, cha mwaka 2005, kilikuwa 10.

Sasa natuone mji mmoja ulioufuata moshi wake. Mji huo ni London, Uingereza. Siku ya Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1952, baridi ilikuwa kali, na karibu kila nyumba iliwasha makaa ya mawe ili kupata joto. Viwanda na mitambo ya umeme nayo ilichoma makaa hayo hayo. Kwa kawaida hewa yenye joto hupanda juu na kuondoka na moshi. Lakini siku zile hewa ya baridi ilikuwa imelala chini, na juu yake ikakaa hewa yenye joto, mfano wa kifuniko juu ya sufuria. Upepo haukuwapo. Moshi ukachanganyika na ukungu, ukabaki mjini siku 5, mpaka tarehe 9. Mchana uligeuka giza. Makondakta walitembea mbele ya mabasi yao wakiwa na taa mkononi ili madereva wapate kuona njia. Mchezo wa kuimba katika ukumbi mmoja ulikatizwa kwa sababu moshi ulikuwa umeingia ndani. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo walishindwa kupumua, na baadhi yao wakafa.

Watu nao walikufa, lakini mwanzoni haikujulikana ni wangapi, kwa maana walikufa mmoja mmoja majumbani na hospitalini, wengi wao wakiwa wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya kifua. Hesabu ya kwanza ilionyesha kuwa vifo vilizidi vya kawaida kwa watu kama 4,000. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulikadiria kwamba huenda walifika 12,000.

Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Yafaa tuitazame vizuri sheria hii, kwa sababu haikusema tu, "Msitoe moshi." Iliziwezesha halmashauri za miji kutenga maeneo ambamo moshi wa makaa ya mawe haukuruhusiwa. Kisha, mwenye nyumba aliyetakiwa kubadilisha jiko lake la kuotea moto alilipiwa sehemu saba katika kumi za gharama. Yaani aliambiwa aache moto wake wa zamani, na papo hapo akasaidiwa kupata moto mwingine. Kama angekatazwa tu bila msaada, angefanya nini wakati wa baridi? Angewasha usiku kwa siri.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Moshi wa makaa ulipopungua, moshi wa magari uliongezeka, nao hauonekani kwa urahisi. Mwezi wa Februari 2013 alikufa kwa pumu msichana wa miaka 9 aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, ambaye nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kubwa yenye magari mengi kusini mwa London. Desemba 2020 afisa wa kuchunguza sababu za vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho, na jambo hilo halikuwa limepata kuandikwa hivyo kwa mtu yeyote Uingereza kabla yake. Mji ulikuwa umekwisha kuanza kuufuata moto huu wa pili. Mwaka 2003 magari yanayoingia katikati ya London yalianza kutozwa ada ili yapungue. Aprili 2019 likaanzishwa eneo ambamo gari kuukuu lenye moshi mchafu hulipa paundi 12.50 kwa siku, na Agosti 2023 eneo hilo likapanuliwa hadi kufunika wilaya zote za mji ule. Wenye magari wengine walinung'unika sana, na wengine walipewa fedha za kuwasaidia kuyaacha magari yao ya zamani.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Sisi Waafrika tumepata kushinda moshi mmoja mbaya kabisa, ingawa wengi hatukumbuki. Tangu miaka ya 1920 madini ya risasi yalitiwa katika petroli ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikavutwa na watu, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo: humpunguzia uwezo wa kujifunza. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikaahidi kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeacha kuagiza petroli ya namna hiyo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Wanafunzi wengi wanaosoma gazeti hili walizaliwa baada ya 2006. Hawakuvuta risasi ya petroli barabarani kama walivyovuta wazazi wao. Hiyo ni zawadi ambayo hakuna aliyewaambia kuwa wamepewa.

Basi tuje mjini kwetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Mji wa watu wengi namna hiyo una mioto mingi, nami nitaitaja minne.

Moto wa kwanza ni wa injini. Magari yetu mengi hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Gari la zamani laweza kutunzwa likaenda vizuri, lakini kichujio cha hewa kikiziba, au pampu ya dizeli isiporekebishwa, mafuta hayaungui yote, na moshi mweusi hutoka. Moshi huo mweusi ni fedha ya mwenye gari inayopotea hewani. Kuhusu mafuta yenyewe, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Hilo ni jema, kwani salfa ikipungua, moshi hupungua, na vile vichujio vya kisasa vya magari haviharibiki.

Lakini njia kubwa zaidi ni kuwachukua watu wengi kwa injini chache. Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni. Basi moja refu huchukua abiria kama 150. Tuhesabu: watu 150 wakienda kila mmoja kwa gari lake, ni injini 150 katika foleni, wakienda kwa bodaboda, mmoja mmoja, ni injini 150 vile vile. Ila mtu hataliacha gari lake kwa sababu ya mahubiri. Ataliacha basi likifika kwa wakati, nalo likiwa na mahali pa kusimama bila kukanyagana. Kwa hiyo kila basi linaloongezwa ni dawa ya kifua, hata kama halikuandikwa hivyo.

Bajaji na magari mengine siku hizi hutumia gesi ya asili, ambayo hutoa masizi machache sana. Gesi ya Songo Songo, huko Kilwa, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Hapa mtu aweza kuuliza swali zuri: je, umeme wenyewe hautokani na moto? Ni swali la kweli, kwa maana kuuhamisha moto si kuuzima. Jibu ni kwamba hutegemea umeme umetoka wapi. Mwaka huo huo wa 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme, nalo lina mashine 9 zenye nguvu ya megawati 2,115 kwa jumla. Huzungushwa na maji, wala hakuna kinachoungua.

Moto wa pili ni wa jikoni. Kuni na mkaa hupika chakula cha watu wengi mjini, na aliye karibu zaidi na moshi huo ni mama, na mtoto aliyebebwa mgongoni. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwezi wa Mei mwaka huo ilizindua mkakati ambao shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kikwazo chajulikana na kila mzazi: mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku ile, na mtungi wa gesi huhitaji fedha nyingi kwa mara moja. Hapa somo la London larudi. Mwenye jiko asaidiwe kuvuka, asikaripiwe tu.

Moto wa tatu ni wa taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni za ubora wa hewa zilitungwa mwaka 2007. Hata hivyo jioni katika mitaa mingi huonekana vimoto vya majani, chupa za plastiki na vipande vya matairi. Plastiki ikiungua katika moto mdogo wa shimoni hutoa sumu nyingi, kwa sababu joto halitoshi kuiunguza yote. Watu hawafanyi hivyo kwa kupenda. Hufanya hivyo kwa sababu gari la taka halikuja.

Cha nne si moto, ni vumbi la barabara zisizo na lami na la ujenzi. Nalo hutulizwa kwa lami, kwa majani yaliyopandwa kando ya njia, na kwa kufunika mchanga unaosafirishwa.

Muhula huu sisi wanachama wa Chama cha Sayansi tulifanya jaribio dogo hapa shuleni. Tulichukua vipande vitatu vya karatasi nyeupe ngumu, tukavipaka mafuta mazito ya kujipaka, tukavitundika siku 5: kimoja kwenye ukuta wa upande wa barabara, kimoja karibu na shimo la taka, na kimoja chini ya miembe nyuma ya maktaba. Kile cha miembeni kilikuwa na vumbi kidogo. Cha barabarani kilikuwa cha kijivu, chenye madoa meusi. Cha shimoni kilikuwa cheusi kuliko vyote, ijapokuwa taka zilichomwa mara mbili tu katika siku hizo. Karatasi huonyesha chembe kubwa peke yake; zile ndogo, zilizo na madhara zaidi, hazionekani kwa jaribio la namna hii. Lakini palipo na kubwa nyingi, twaweza kukisia kuwa ndogo nazo hazikosi.

Shimo hilo liko upande utokako upepo, na madarasa ya Kidato cha Kwanza yako mbele yake. Taka zikichomwa saa za masomo, madirisha hufungwa, na chumba chenye wanafunzi wengi huwa na joto kama tanuri. Katika madarasa hayo wamo wenye pumu. Mmoja wao hutoka nje kila moshi uingiapo, na somo humpita. Katika mtihani hataulizwa kama kulikuwa na moshi siku ile, ataulizwa somo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, tusichome tena taka shuleni. Majani na mabaki ya chakula yazikwe katika shimo la mboji, yawe mbolea ya bustani yetu. Chupa za plastiki na makopo tuyaweke kando tuyauze, kwani wapo wanunuzi wanaopima kwa kilo. Karatasi nazo zikitengwa zitauzwa. Kitakachobaki ni kidogo, na kidogo hicho chaweza kungoja gari la taka hata likichelewa. Chama cha Sayansi kiko tayari kusimamia kazi hiyo kwa zamu, bila malipo.

La pili, madereva wanaongoja langoni, wa bajaji, wa bodaboda na wazazi wetu pia, wazime injini. Anayengoja dakika kumi huku injini ikinguruma hafiki popote, ila mafuta yake yanakwisha. Twaomba uongozi wa shule uweke kibao langoni, na sisi tutakipaka rangi.

La tatu, tupande miti na ua mnene upande wa barabara. Miti haiwezi kuumeza moshi wote, na tusijidanganye hivyo. Lakini ua hukinga vumbi lisiingie moja kwa moja darasani.

Wapo watakaosema kwamba shimo moja la shule moja si kitu katika mji wa watu milioni tano. Nawajibu kwa hesabu. Moshi huu haukuanza na moto mmoja mkubwa. Ni mioto midogo mingi, kila mmoja ukisema wenyewe si kitu. Na mioto iliyowashwa mmoja mmoja huzimwa mmoja mmoja. Jiko letu la shule lilikuwa la kuni, sasa ni la gesi, na wapishi wetu hawafuti tena machozi wakipika. Wali haukuharibika, wala haukuchelewa. Kama jiko limewezekana, shimo halitashindikana.

Wazazi wetu mtakaofika katika kikao cha muhula ujao, tafadhalini mlitazame shimo hilo kabla ya kuingia ukumbini, kisha mtoe shauri lenu.